Nyumba za Kiwandani Nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayetafuta nyumba ya kuishi, si ya anayetafuta stoo wala ofisi ya muda. Pale penye vipimo tumechukua nyumba ya vyumba viwili, mita 6 kwa 6, iwe mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Bei hatukuandika. Chuma na saruji hubadilika bei ndani ya mwezi, na bei ya mwaka jana humponza mnunuzi kuliko kutokuwa na bei kabisa.

Nyumba ya kiwandani ni ipi hasa?

Ni nyumba ambayo kuta, paa na mara nyingine sakafu na nyaya zake zimetengenezwa karakanani, zikapakiwa kwenye lori, zikaja kuunganishwa kiwanjani. Hapa Uganda utakutana nazo kwa sura nne. Ya kwanza ni fremu ya chuma chepesi inayofunikwa mbao za saruji au jasi. Ya pili ni paneli za sandwichi, yaani mabati mawili yenye povu gumu katikati. Ya tatu ni kontena la meli lililokatwa milango na madirisha. Ya nne ni fremu ya mbao za paini au mikaratusi iliyopigwa dawa, ambayo fundi seremala mzuri anaweza kuikata na kuipanga karakanani kwake bila mashine kubwa.

Tofali za udongo na saruji zinazoshikana, zile zinazofyatuliwa kwa mashine ya mkono na kuanikwa bila kuchomwa, watu huziingiza humu. Ni tofali nzuri na zinaokoa kuni nyingi, lakini ujenzi wake ni ule ule wa mwashi kupanga tofali juu ya tofali.

Si ndiyo unipoti ya polisi hiyo?

Swali hili huulizwa kwa kicheko, ila nyuma yake pana hoja. Yeyote aliyewahi kuingia kwenye kibanda cha bati cha mviringo katika kambi za polisi za Nsambya au Naguru anajua: mchana tanuri, usiku barafu, na mvua ikinyesha watu wawili hawasikilizani. Kasoro ya unipoti ni kwamba ukuta wake ni bati tupu moja, hauna dari, hauna kitu cha kuzuia joto, na paa halina uwazi wa kupitisha hewa. Ukinunua nyumba ya kiwandani yenye ukuta wa bati tupu umenunua unipoti yenye pembe nne, hata iwe imepakwa rangi gani.

Ni nafuu kuliko nyumba ya tofali?

Wakati mwingine. Na hata inapokuwa nafuu, unafuu wenyewe hautoki mahali ambapo watu wengi wanadhani.

Mwenye kujenga kwa tofali za kuchoma hujenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, paa likingoja mavuno au malipo ya kustaafu. Hapo katikati saruji inaganda stoo, tofali zinaibwa, magugu yanaota sebuleni, na familia inaendelea kulipa kodi ya muzigo, yaani chumba cha kupanga. Nyumba ya kiwandani inamwondolea gharama hiyo ya kungoja. Msingi ukiwa tayari, mafundi wanne huinua nyumba ya mita 6 kwa 6 kwa siku chache. Kama unalipa kodi kila mwezi, pigia hesabu miezi utakayookoa. Kama unaishi kwenye nyumba ya familia bila kulipa chochote na tofali unafyatua mwenyewe, tofali zitakushindia.

Kosa kubwa liko kwenye kulinganisha bei. Kiwanda kimoja kinakupa bei ya nyumba mlangoni kwake. Kingine kinakupa bei ikiwa imesimama kwako. Kabla ya kusema hii ni rahisi, iulize kila bei mambo haya: usafiri umo? Kreni imo? Msingi umo? Dari, nyaya, soketi, vyoo, mifereji ya paa? VAT ya asilimia 18 imeshaongezwa? Kisha gawa jumla kwa mita za mraba za ndani, usipime kwa nje. Nyumba inayoitwa ya mita 36 ikiwa na kuta za sentimita 10 ina mita 33.6 za kutembea.

Na kumbuka kwamba kiwanda kinakuuzia nyumba tu. Ardhi, njia ya lori, msingi, shimo la choo, nguzo ya umeme na bomba la maji hubaki vile vile uwe umechagua tofali au paneli. Kwa nyumba ndogo, vitu hivyo vinaweza kukaribia nusu ya matumizi yako yote. Mtu akikuambia amekupatia nyumba ya bei poa, mwulize kwanza ataisimamisha juu ya nini.

Nianze kununua nyumba au ardhi?

Ardhi. Kisha msingi. Nyumba iwe ya mwisho.

Somo hili Wamarekani wamelilipia. Kwao nyumba za kiwandani hujengwa juu ya chasi ya chuma na tangu tarehe 15 Juni 1976 zinafuata kanuni moja ya taifa inayosimamiwa na wizara yao ya nyumba, HUD. Zimewapa makao mamilioni ya watu wa kipato cha chini. Lakini wengi wao wanamiliki nyumba na kukodi ardhi iliyo chini yake. Kodi ya uwanja ikipanda hawawezi kuondoka kirahisi, maana kuhamisha nyumba ni ghali, na iliyozeeka pengine haihamishiki kabisa. Jina wanaloziita, nyumba zinazotembea, limebaki la mazoea tu.

Mtu wa Buganda ataona kitu anachokifahamu hapo. Mwenye kibanja, yaani anayekalia kipande cha ardhi ya mailo ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, analindwa na Sheria ya Ardhi ya 1998 na marekebisho yake ya 2010, mradi analipa busuulu (kodi ya ardhi ya kila mwaka) na ana ushahidi wa jinsi alivyokipata. Lakini kibanja si hati. Kabla ya kuuziwa, hakikisha mwenye ardhi ameridhia kwa maandishi, kwa sababu mauziano ya kibanja bila idhini yake yanaweza kukuponyoka baadaye. Pata karatasi ya busuulu ya karibuni. Tembea mipaka pamoja na majirani na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Ardhi ikiwa na hati, fanya upekuzi katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi kabla ya kutoa shilingi. Muuzaji akiwa ameoa au ameolewa na familia inaishi hapo, mwenzi wake lazima akubali naye.

Kiwanja kilicho kwenye kinamasi ni hasara hata kiwe cha bure. Ukingo wa Ziwa Viktoria una eneo la hifadhi la mita 200, na NEMA, mamlaka ya mazingira, haitofautishi bati na tofali inapokuja kubomoa.

Kwa kuwa inahamishika, nahitaji kibali cha ujenzi?

Unahitaji. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2010 iliifanya Uganda nzima kuwa eneo la mipango, na ujenzi unasimamiwa na Sheria ya Kudhibiti Ujenzi ya 2013. Ombi linapelekwa kwa kamati ya ujenzi ya wilaya, manispaa au jiji lako. Ndani ya Kampala ni KCCA, mamlaka ya jiji. Wanataka uthibitisho wa ardhi, ramani ya mahali nyumba itakapokaa, na michoro yenye muhuri wa mtaalamu aliyesajiliwa. Hapa nyumba ya kiwandani ina nafuu yake: mchoro mmoja unaweza kutumika kwa nyumba nyingi, kwa hiyo mwombe mtengenezaji michoro na hesabu za mhandisi kabla hujalipa. Akikosa hizo, jua kwamba hakuna aliyepiga hesabu ya upepo wala ya uzito. Nyumba ikikamilika omba kibali cha kuikalia.

Barua ya LC1 inakutambulisha tu. Si kibali cha kujenga.

Lori litafika kwangu?

Tembea njia yote kwa miguu, kutoka lami hadi kiwanjani, ukiwa na futi ya kamba. Kontena lina upana wa mita 2.44 na likiwa juu ya tela linapita mita 4 kwenda juu. Tazama nyaya za umeme zinazoning'inia, matawi ya miembe, kona za vichochoro, na makalvati ya mbao au ya mabomba membamba. Tazama pia mlima: lori lenye mkono wa kreni halinyanyui likiwa limeinama, linahitaji uwanja tambarare wa kutandaza miguu yake pande zote.

Njia ikishindikana, chagua paneli au fremu badala ya kontena. Paneli ya sandwichi ya mita 3 watu wawili wanaibeba. Kwenye miteremko ya Kigezi au ya Elgon, na katika mitaa ya Kampala ambako njia ni ya boda tu, hilo peke yake linatosha kukuamulia aina ya nyumba.

Msingi wa nyumba nyepesi unajengwaje?

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo tutakaa kidogo. Watu husikia nyumba ni nyepesi wakaiweka juu ya tofali nne za pembeni. Miezi mitatu baadaye pembe moja imezama sentimita mbili, mlango haufungi, na viungo vya paneli vimeachana vikipitisha maji. Fundi anarudi kupaka silikoni. Silikoni haiponyi msingi uliozama.

Kwa nyumba ya mita 6 kwa 6, nguzo 16 za zege, nne kwa nne, zikiachana mita 2 katikati kwa katikati, zinatosha kwenye udongo mgumu mwekundu. Kila shimo lina sentimita 60 kwa 60, kina kama sentimita 55, au zaidi mpaka umalize udongo mweusi wa juu na mizizi. Chini unamwaga kitako cha zege chenye unene wa sentimita 25. Juu yake inasimama nguzo ya sentimita 30 kwa 30, urefu sentimita 60, nusu ndani ya ardhi na nusu nje. Nusu ile ya nje ndiyo inayoruhusu hewa kupita chini ya sakafu na jicho lako kuona mchwa wanapopanda.

Hesabu yake: kila nguzo na kitako chake ni mita za ujazo 0.144, zote 16 ni 2.3. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 utatumia mifuko 16 ya saruji ya kilo 50 ukihesabu na ya kumwagika, mchanga kama mita za ujazo 1.1, na kokoto kama 2.3. Usipime kwa koleo, maana koleo la asubuhi na la jioni si moja. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako, sentimita 30 kwa 30 kwa 39. Huo ndio ujazo wa mfuko mmoja wa saruji. Mfuko mmoja, masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto, na maji lita 25 hadi 28. Mafundi watataka kuongeza maji ili zege iteleze. Wakatalie, maji yakizidi zege inakuwa dhaifu. Imwagilie siku saba mfululizo, ukiifunika kwa magunia au majani ya ndizi.

Usawa wa vichwa vya nguzo unapimwa kwa mpira wa maji. Pata mpira mwembamba unaoona ndani, mita 12 hivi, ujaze maji, kisha ushike ncha zote mbili pamoja kwanza. Maji yakisimama sawa, mpira ni mzima. Yasiposimama sawa, pana kipovu cha hewa mahali fulani: ukung'ute mpaka kitoke, au kila kipimo utakachochukua kitakuwa cha uongo. Halafu peleka ncha moja kwenye nguzo ya mwanzo na nyingine kwenye kila nguzo iliyobaki. Tofauti isizidi milimita 5 kati ya nguzo ya juu kabisa na ya chini kabisa. Pima na mishazari, yaani kona hadi kona: kwa mraba wa mita 6 kila mshazari uwe mita 8.485. Ukikuta mmoja ni 8.46 na mwingine 8.51, mraba wako umelala, na paneli za kiwandani hazikatwi kirahisi kama mwashi anavyovunja tofali.

Kila nguzo ya pembeni izikwe boliti ya milimita 16 kabla zege haijakauka, yenye ncha iliyokunjwa chini. Usidanganyike kwamba uzito wa nyumba utaishikilia. Upepo unaotangulia mvua za radi kule kaskazini na mashariki huezua mapaa ya shule nzito. Nyumba nyepesi isiyofungwa huinuka mzima mzima.

Kwenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, kama ule wa Karamoja, nguzo fupi hazifai. Udongo ule huvimba na kunywea kila msimu. Mwite mhandisi.

Katikati na kusini mwa nchi, chimba na umwage zege Juni na Julai au Desemba hadi Februari. Kaskazini kiangazi ni kimoja kirefu, kuanzia Desemba hadi Machi.

Paneli ipi ninunue?

Uliza vitu vitatu: unene wa bati, kitu kilichomo ndani, na unene wa paneli nzima. Bati la nje liwe na milimita 0.4 kwenda juu. Sokoni kuna paneli za 0.3 zinazouzwa kama 0.4, na macho hayaoni tofauti hiyo. Nenda na maikromita upime ukingo uliokatwa, ukikumbuka kwamba rangi nayo ina unene wake. Kwa mabati ya paa, geji 28 ni nene kuliko geji 30, namba ikikua bati linakonda.

Ndani kuna povu jeupe (lile la kufungia televisheni), povu la manjano la poliyurethani, au sufi ya mwamba. Povu jeupe ni rahisi na linazuia joto vizuri, lakini likishika moto linayeyuka, linadondoka likiwaka na kutoa moshi mzito. Poliyurethani huzuia joto zaidi kwa unene ule ule, nayo pia huungua. Sufi ya mwamba haiungui, ila ni nzito na ghali. Ushauri wetu kwa mtu wa bajeti ndogo: povu jeupe la milimita 75 kwa kuta za vyumba, na sufi ya mwamba au mbao za saruji kwa ukuta wowote utakaokuwa karibu na jiko.

Fremu ya chuma chepesi iulizie kiasi cha zinki. Alama ya Z275 ina maana gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Nguzo ziachane milimita 400 au 600, si zaidi.

Kontena kuukuu je?

Kontena la futi 20 lina uzito wa tani 2.2 likiwa tupu, na chuma chake ni kigumu kweli. Tatizo ni upana. Ndani lina mita 2.35 tu, na ukiweka kizuia joto cha sentimita 5 kila upande inabaki 2.25. Weka kitanda cha futi 6 kwa upana, kimebakiza sentimita 40 za kupita. Kwa duka linafaa, kwa bafu na stoo linafaa, kwa familia ya watu watano unahitaji mawili yaliyounganishwa na ukuta wa kati kutolewa.

Na hapo kwenye kutoa ukuta ndipo makosa yanapofanyika. Lile bati la mikunjo ndilo linalobeba mzigo. Fundi akilikata kwa grainda bila kuchomelea kwanza fremu ya bomba la mraba kuzunguka tundu, paa linabonyea katikati na maji yanatuama. Dirisha dogo linataka bomba la 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 3; ukuta mzima unataka boriti na hesabu za mhandisi.

Soma kibao cha chuma kilicho mlangoni. Mara nyingi kinaeleza mbao za sakafu zilipigwa dawa gani ya wadudu. Dawa hizo hazikuwekwa kwa ajili ya mtoto anayetambaa. Ng'oa mbao zile, au zipake epoksi na kuzifunika kabisa. Nusa pia: kontena lililobeba kemikali harufu yake haiishi.

Joto na kelele za mvua nitazizuiaje?

Jua letu linapita karibu juu ya kichwa, asubuhi mashariki na jioni magharibi. Kwa hiyo nyumba ndefu ilaze kutoka mashariki kwenda magharibi, pande fupi ndizo zipigwe jua, na madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Paa litokeze nje sentimita 60 au zaidi. Kati ya mabati na dari acha nafasi yenye matundu pande mbili, yawekewe wavu wa popo na mbu. Rangi ya paa iwe nyeupe au kijivu cheupe. Mabati mekundu na ya kijani iliyokolea yanapendwa, lakini yanameza joto. Kelele hupunguzwa na dari yenye sufi au povu lililolala juu yake moja kwa moja.

Kabale na maeneo mengine ya baridi shida inageuka. Pumzi za watu usiku hugeuka maji kwenye chuma baridi na kudondoka kitandani asubuhi. Dawa yake ni chuma cha fremu kisigusane na chumba bila kizuizi, na matundu ya hewa yasizibwe.

Nyumba ya chuma haivuti radi?

Radi haifuati chuma kwa kuwa ni chuma. Inafuata kilicho juu zaidi na njia rahisi ya kwenda ardhini. Fremu ya chuma iliyoungwa vizuri na ardhi ina usalama kuliko nyumba nyingi za tofali na bati, kwa sababu umeme unapita kwenye ganda la nje. Hatari ni fremu iliyosimama juu ya nguzo za zege kavu bila waya wa ardhini. Na Uganda radi si jambo la kupuuza: Tororo hutajwa miongoni mwa sehemu zenye siku nyingi za ngurumo duniani, na Juni 2011 radi moja iliua watu wasiopungua 18 katika Shule ya Msingi Runyanya, Kiryandongo.

Piga fito mbili za shaba za milimita 16, kila moja mita 1.2 au zaidi, kwenye pembe zinazokabiliana. Ziunge na fremu kwa waya mnene wa shaba, kwa vibano, bila kuzungusha tu waya kwenye boliti iliyopakwa rangi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Unga na mabati ya paa. Fundi apime ukinzani, ukiwa chini ya ohmu 10 ni vizuri. Udongo ukiwa mkavu sana ongeza fito.

Nikipikia sigiri ndani?

Usipikie. Nyumba ya tofali yenye mianya chini ya mabati inavuja hewa. Nyumba ya paneli haivuji. Sigiri iliyoingizwa chumbani usiku kwa ajili ya joto inajaza gesi isiyo na harufu, na watu hawaamki. Jenga jiko la nje lenye paa lake, mita 3 kutoka ukutani, na uliweke kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu lisipokuwepo watu watapikia sebuleni siku ya kwanza ya mvua.

Mchwa, panya na kutu?

Mchwa hawali chuma, wanapanda juu yake kwenda kula milango, fremu za madirisha na kabati. Weka kofia ya bati juu ya kila nguzo, itokeze sentimita 5 na kukunjwa chini; njia yao ya udongo utaiona na kuifuta. Panya huingia kwenye povu kupitia ncha za paneli zilizoachwa wazi, wakachimba hadi juu. Kila ncha ifungwe kwa bati la pembe.

Kutu huanzia kwenye ukingo uliokatwa na kwenye skrubu. Paneli zikatwe kwa msumeno wa meno madogo, si grainda, maana cheche zake zinaunguza rangi na punje za chuma zinazobaki juu ya bati huota kutu ndani ya wiki. Fagia punje zote jioni ya siku hiyo hiyo.

Umeme na maji?

Fundi awe na kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme. Kila waya unaopita kwenye tundu la fremu uvalishwe mpira, la sivyo makali ya chuma yanauchuna na nyumba nzima inashika umeme. Sisitiza swichi ya usalama ya miliampia 30, ile inayokata umeme ukivuja. Usambazaji wa umeme ulitoka kampuni iliyoitwa Umeme kwenda UEDCL, kampuni ya serikali, Aprili 2025, kwa hiyo ombi la laini mpya mahali pengi linaenda kwao.

Mvua: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 36 mahali penye milimita 1,200 kwa mwaka, ukitoa moja ya tano kwa kumwagika, linakupa kama lita 34,500. Tangi la lita 5,000 linajaa na kumwagika mara kadhaa. Shimo la choo likae mita 30 kutoka kisima chochote.

Benki itanikopesha?

Mkopo wa nyumba wa kawaida unataka hati ya ardhi, na wenye kibanja wengi hawana. Njia nyingine ni SACCO, au mkopo wa mali inayohamishika: tangu Sheria ya Dhamana ya Mali Inayohamishika ya 2019, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake juu ya mali kama hiyo kwenye daftari la URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Nyumba isiyogandishwa ardhini inaweza kuingia humo. Ikishazikwa kwenye zege, mwanasheria atakuambia imekuwa sehemu ya ardhi. Uliza kabla hujamwaga.

Uliza pia riba inahesabiwaje. Shilingi milioni 20 kwa miaka minne, asilimia 20 kwa salio linalopungua, ni kama Sh 609,000 kwa mwezi, jumla milioni 29.2. Asilimia 20 hiyo hiyo ikihesabiwa kwa deni la mwanzo bila kupungua ni Sh 750,000 kwa mwezi, jumla milioni 36. Tangazo linaandika 20 kwa zote mbili.

Kwa mtengenezaji, lipa kwa mafungu na ubakize angalau asilimia 10 mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite.

Niagize China au nitengenezeshe hapa?

Ya kuagiza hupita Mombasa, na kutoka hapo hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara. Bei ya kwenye mtandao haina meli, bandari, ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki, VAT, wala asilimia 6 ya kodi ya zuio. Kikubwa zaidi ni vipuri. Paneli moja ikipinda safarini, kufuli lake, yaani ukingo unaoishikanisha na jirani yake, huenda lisishikane na paneli yoyote inayouzwa hapa. Mafundi wa Katwe na wa miji mingine wanaweza kuchomelea fremu safi wakipewa mchoro sahihi, na akikosea unajua mlango wa kugonga. Kwa nyumba moja tungetengenezesha hapa. Kwa nyumba hamsini za mradi hesabu ni nyingine.

Siku ya kupokea nikague nini?

Kabla lori halijaondoka hesabu paneli, boliti na mifuko ya skrubu kwa orodha, na upige picha kila iliyobonyea. Nyumba ikisimama, funga na ufungue kila mlango na dirisha mara tatu. Weka gololi au limau sakafuni katikati ya kila chumba. Likibingirika, rudi kwenye mpira wa maji. Chunguza skrubu za paa: mpira wake uwe umebanwa bila kupasuka, na skrubu ipigwe juu ya tuta la bati. Ikipigwa bondeni maji yanapita juu yake kila mvua. Jioni zima taa, mtu abaki nje na tochi azungushe mwanga kwenye viungo vyote. Utakapoona mwanga ndani, maji nayo yatapita.

Na nikihama, naweza kuibeba?

Ya boliti na fremu, ndiyo, mara moja au mbili. Paneli za sandwichi hupoteza makufuli machache kila zinapofunguliwa, kwa hiyo tenga chache za akiba. Andika namba kwa rangi kwenye kila kipande kabla ya kufungua, upande wa ndani, na chora ramani ya namba hizo. Mbao za jasi na dari haziokoki, hizo utanunua upya. Nguzo za zege zinabaki pale pale. Kama kiwanja si chako, andikianeni mapema nani atazing'oa.